Ndugu Mboni, Mtu Mmoja

Kwenye ngazi za ghorofa ya pili Mboni alisimama kwa mara ya tatu, akaweka mfuko wake chini na kuegemea ukuta uliokuwa bado unanuka rangi mpya. Vijana wawili waliobeba marobota ya vitenge mabegani walikuwa wanapanda nyuma yake, wakipiga mluzi ili wapishwe.

"Bi mkubwa, sogea kidogo!" alisema wa mbele.

"Acha kelele wewe," mwenzake akamwambia, kisha akamgeukia Mboni. "Pumzika tu, mkuu. Tutapita."

Mkuu. Mwanamke wa miaka sitini na nne, gauni la kitenge, kilemba, viatu vya mpira, naye ni mkuu. Hakukasirika. Kukasirika kunataka pumzi, na pumzi yake alikuwa ameimalizia njiani, kati ya kivuko cha Kigamboni na viwanja vya Mnazi Mmoja.

Jengo hili hakuwahi kuliingia. Cha ajabu ni kwamba lilisimama Mtaa wa Likoma, mtaa aliokaa miaka ishirini na sita, na asubuhi hiyo alikuwa ameuliza njia mara mbili ndani ya mtaa wake mwenyewe. Nyumba ya vyumba sita waliyokuwa wamepanga ilivunjwa mwaka juzi. Wapangaji wakatawanyika, yeye akaangukia Kigamboni. Palipokuwa na baraza lake la kuandikia sasa palikuwa na vioo, na nyuma ya vioo sanamu za kuvalishwa nguo, hazina vichwa, zimepangwa mstari kama zinasubiri kuitwa.

Seifu alikuwa amemwelekeza kwa simu: ghorofa ya nne, mkono wa kushoto, kibao cha njano. Seifu ni mchapaji wa kadi za harusi, mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene, mpole, anayepaka mafuta mashine zake kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali. Alikuwa amehamia huko juu, na kwenye chumba kipya amemtengea Mboni meza karibu na dirisha. Kazi ya Mboni ni kuandika majina ya waalikwa kwa mkono. Siku hizi watu wengi hutuma kadi kwa simu na mambo yakaishia hapo, lakini bado zipo familia zinazoona aibu kumwalika mkubwa wao kwa picha. Kadi inapelekwa mkononi, jina limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na mwandishi anayetafutwa ni yuleyule, Mama Najma. Ndivyo anavyojulikana Kariakoo. Jina lake mwenyewe wanalijua wachache.

Na leo kadi alizokuwa anakwenda kuandika zilikuwa za harusi ya huyo Najma.

Zilikuwa zimeshachapwa, naye hajaziona. Alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa anapanda nacho ngazi zote hizo: kujua kama jina lake lipo. Hakuwa na haja likae juu. Hata chini kabisa, kwa herufi ndogo, pale wanapotajwa wanaokaribisha wageni. Najma hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa Badria, mpangaji wa chumba cha pili, aliyefariki kwa homa ya siku tatu mtoto akiwa na miaka minne. Baba yake, Uledi Abbasi, alikuwa Maskati kikazi. Alileta salamu za rambirambi, akaleta ahadi, kisha hakuleta kitu kwa miaka ishirini. Mboni hakukaa chini akaamua kulea. Usiku wa matanga mtoto alisinzia kitandani kwake, asubuhi akaamka na njaa, na kazi ikawa imeanza.

"Mama Najma! Karibu, karibu ofisini kwako," Seifu alisema, akamvutia kiti. "Umepanda yote kwa miguu? Si kuna lifti?"

"Lifti imejaa majora."

"Basi kaa kwanza. Nikuletee maji?"

"Niletee kadi."

Seifu alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. Akaenda kwenye rafu, akarudi na boksi, akatoa kadi moja ya rangi ya maziwa yenye utepe wa kijani, akaiweka mbele yake kama mtu anayeweka sahani ya moto. Mboni akavaa miwani.

*Familia ya Bw. Uledi Abbasi wa Magomeni inayo furaha kukualika kwenye tafrija ya harusi ya binti yao mpendwa Najma, mtoto wa marehemu Bi. Badria.* Kisha ukumbi, tarehe, saa. Kisha namba za simu za kuthibitisha, ya Shangazi Mwanaidi na ya Baba Mdogo Mudi. Kisha maneno ya chini kabisa, ya kuwaomba watu wasije na watoto.

Akageuza nyuma. Nyuma palikuwa na ramani ya kufika ukumbini.

"Mimi nachapa ninacholetewa," Seifu alisema taratibu.

"Najua."

"Nilimuuliza kijana wao aliyeleta maneno. Nikamwambia, hapa hakuna mtu amesahaulika? Akasema wazee wameshapitisha."

"Umechapa vizuri, Seifu. Utepe umekaa sawa." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba. "Ziko ngapi?"

"Mia tatu."

"Nipe orodha."

Akafungua mfuko wake, akatoa kalamu, kichupa cha wino na kitambaa, akaanza. Hakuna kitu kingine alichoweza kufanya kwa mikono yake wakati huo.

Kazi yenyewe inaonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Jina moja, mstari mmoja. Lakini kabla ya jina kuna neno dogo, Bw. au Bi., na hapo ndipo Mboni alipopotezea miaka ya maisha yake. Watu wa mji huu wanaweza kumzungumzia mtu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, amefunga ndoa wapi, ameugua nini, kagombana na nani, na msikilizaji akaondoka hajui kama huyo mtu ni mwanamume au mwanamke. Hakuna aliyemficha. Lugha yenyewe haikudai. Mwarabu hawezi kumuuliza mtu kama amekula bila kwanza kuamua anamuuliza mwanamume au mwanamke. Mfaransa amegawa mpaka meza na viti. Waingereza, wakichoka kuchagua, siku hizi wanalichukua neno la watu wengi, la kusema wao, wanamvisha mmoja, halafu wanagombana juu yake magazetini. Huku yeye ni yeye, tangu mababu, na hakuna aliyewahi kulishangilia jambo hilo wala kulilalamikia, isipokuwa mwandishi wa kadi.

Kwenye meza ya pili siku hiyo alikuwa amekaa Zakayo, mzee wa Tabata, katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Alikuwa ameleta orodha aliyoiandika mwenyewe kwenye daftari la shule, majina matupu, na Seifu akamwomba Mboni aipitie kabla mwenyewe hajaondoka.

"Huyu Severine ni nani?" Mboni aliuliza.

"Severine? Jirani yetu. Mtu safi sana. Kafundisha shule ya msingi miaka thelathini, sasa kastaafu, anafuga kuku."

"Nauliza, mwanamume au mwanamke?"

"Dada, si nimekwambia ni mwalimu?"

"Mwalimu ana ndevu au hana?"

Seifu alicheka huko kwenye mashine ya kukatia karatasi. Zakayo akashika kidevu. "Hana. Lakini na mimi sina."

"Ana mume?"

"Alikuwa naye, akafa."

"Basi ni Bi."

"Eee, ni Bi. Sasa mbona hukuuliza hivyo tangu mwanzo?"

Mboni akaandika pembeni ya daftari. "Na huyu Augustino?"

"Huyo muandike Mheshimiwa."

"Ni mbunge?"

"Mjumbe wa nyumba kumi."

"Wa nyumba kumi naye mheshimiwa?"

"Dada yangu, siku hizi ukimwandika Bwana, hata salamu hakuitikii. Mwaka jana tulimwandika Bwana kwenye kadi ya kipaimara. Alikuja, akala, akaondoka bila kuaga."

"Na huyu Celina, huyu Blandina, hawa najua. Huyu Mgeni je?"

"Mgeni huyo..." Zakayo akatoa simu, akampigia mkewe, akauliza, akasikiliza kwa muda mrefu, akakata. "Anasema ni yule aliyetupa mchele wakati wa msiba."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hakusema."

"Nitaandika Ndugu."

"Ndugu!" Zakayo akapiga meza. "Nimeisikia lini hiyo? Vijana wangu wataona hii ni barua ya kuitwa mahakamani."

Alikuwa anasema kweli. Bibi harusi mmoja alikwisha kumrudishia Mboni kadi arobaini kwa sababu ya neno hilo, akasema linanuka faili. Lakini ndiyo kanuni aliyofanyia kazi siku zote: usiyemjua, muandike Ndugu, utakuwa hujamkosea. Hakuibuni. Alikuja nayo.

Alitoka Masasi mwaka sabini na tisa, ana miaka kumi na tisa na cheti cha kupiga taipu, akaajiriwa kwenye shirika moja la umma. Katika ofisi hiyo kila mtu alikuwa Ndugu. Mkurugenzi alikuwa Ndugu, dereva Ndugu, mfagizi Ndugu, na yeye, msichana aliyekuwa bado anaogopa taa za barabarani, barua yake ya ajira ilimwita Ndugu Mboni Chitanda. Aliisoma mara nyingi. Nyumbani kwao alikuwa binti wa fulani, kanisani msichana wa kwaya, na hapa palikuwa na neno ambalo halikumuuliza ana mume, ana mtoto, wala ana gauni au suruali. Wakubwa nao walilitumia huku wakipanda magari ambayo wengine hawakuyapanda, na yeye aliliona hilo, hakuwa mjinga. Hata hivyo alilipenda.

Halafu likaondoka. Hakuna tangazo lililotolewa. Siku moja, miaka ya tisini mwanzoni, aliletewa barua aipige taipu na juu yake meneja amefuta Ndugu kwa kalamu nyekundu, ameandika Mheshimiwa. Wiki iliyofuata barua tatu. Mwezi uliofuata ilikuwa ni Mheshimiwa huyu, Bwana yule, Madamu yule, na Ndugu likabaki kwa wanaopewa onyo na wanaopunguzwa kazi. Barua yake ya kupunguzwa kazi ilimwita Ndugu. Akatoka na taipureta ya zamani waliyomwachia, akakaa barazani Likoma, akaanza kuwaandikia watu.

Kuanzia hapo majina yalimpitia kama nguo za kuazima. Dada Mboni. Baadaye anti. Najma alipoanza shule, walimu walimwita mzazi. "Mzazi, karibu mbele." "Mzazi wa Najma, saini hapa." Mara ya kwanza alitazama nyuma kuona anayeitwa ni nani. Hakuna mwalimu aliyemuuliza kama amezaa. Neno lilikuwa la mtu yeyote anayefika na daftari la mtoto mkononi, na yeye alifika kila muhula. Mtaa nao ukaanza kumwita Mama Najma, mwanzo kwa utani, baadaye kwa mazoea, mwisho wakasahau kwamba kuna wakati hakuwa na jina hilo. Mkristo wa Kianglikana aliyekuwa akimpeleka mtoto chuoni kila alasiri, mtandio umefungwa vizuri, msahafu kwenye mfuko safi, kwa sababu ndivyo Badria angefanya.

Saa saba ilipita. Zakayo aliondoka. Mboni aliandika, akakausha, akapanga. Orodha ilikuwa imepigwa kwa kompyuta, safi, kila mtu na neno lake. Bw. Bw. na Bi. Alhaji. Bi. Pembeni palikuwa na safu ya idadi, mtu mmoja au watu wawili, kwa kuwa mlangoni siku ya shughuli walinzi huangalia hilo kabla ya kukuruhusu kupita, na asiye na kadi hurudi nyumbani hata kama amevaa hariri. Mara chache sana aliyeandaa orodha alikuwa ameandika Ndugu. Mboni alielewa maana yake: hawa ni watu wa upande wa bibi harusi ambao Magomeni hawawajui vizuri. Najma alikuwa amehamishiwa Magomeni miezi miwili iliyopita ili siku ya ndoa atoke mlangoni kwa baba yake. Uledi alirudi miaka miwili nyuma, mvi zimejaa, ana maneno mazuri, na ni walii wake. Bila yeye ndoa haifungwi. Mboni alimsaidia Najma kukunja nguo na kumfungia sanduku. Hakuona kosa katika hilo.

Namba mia na arobaini na tatu iliandikwa: *Ndugu Mboni, jirani wa zamani Kariakoo. Mtu mmoja.*

Aliisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani. Kwa muda alifikiri ni Mboni mwingine. Mji una akina Mboni wengi, wanaume kwa wanawake. Kisha akaona namba ya simu mbele ya jina, na ilikuwa yake.

Hakulia. Alijisikia tu kama mtu aliyepanda ghorofa nyingine nne. Mtu aliyeandaa orodha hakuwa na ubaya. Hakujua kama Mboni ni babu au bibi, akafanya anachofanya mwandishi yeyote mwenye adabu. Kilichomuuma kilikuwa kile kingine, jirani wa zamani, na chini yake kilichomuuma zaidi: kwamba alialikwa. Mtu hualikwa kwa watu, haalikwi kwake.

Akachukua kadi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, Ndugu Mboni. Akaikausha. Akaiweka kando ya rundo, peke yake, akaendelea na namba mia na arobaini na nne, mpaka orodha ikaisha.

Najma alifika saa kumi kasoro, akihema, baibui limeshika vumbi la Msimbazi pindoni. Ana miaka ishirini na sita, anauza dawa kwenye duka moja mtaa wa pili, na ana kawaida ya kuongea akiwa bado mlangoni.

"Shikamoo Mama. Shikamoo kaka Seifu. Jamani huku juu mbinguni! Mama umepandaje?"

"Marahaba. Kwa miguu."

"Na goti lako?"

"Lipo."

Najma akainama, akamshika bega, akambusu kilemba. Kabla hajakaa simu ikalia. Akaitazama, akageuka kidogo kuelekea dirishani.

"Ndiyo shangazi... Ndiyo, nimeshafika... Hapana, niko kwa fundi wa kadi hapa, nachukua mzigo... Peke yangu, ndiyo... Haya."

Akakata. Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Seifu alianza kutafuta kitu chini ya mashine ambacho hakikupotea.

"Fundi wa kadi," Mboni alisema.

"Mama, shangazi ana maswali. Nikisema niko kwako ataanza, umekwenda kufanya nini, nani kakuruhusu kutoka. Ndiyo maana."

"Sikukuuliza sababu."

Najma akakaa. Macho yake yakaenda kwenye rundo, na kutoka hapo kwenye kadi moja iliyokuwa kando. Akaichukua. Akasoma jina. Rangi ikamtoka usoni kuanzia midomoni.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi. Namba mia na arobaini na tatu."

Alivuta orodha, akatembeza kidole hadi akaifikia. "Wallahi Mama, hii sikuiona. Shangazi aliniomba namba za watu wa Kariakoo, nikampa simu yangu, akachukua mwenyewe. Jirani? Jirani! Hii sikuiona kabisa."

"Naamini. Na kadi je? Maneno ya kwenye kadi uliyaona?"

Najma aliirudisha orodha mezani. Huko chini mtu alikuwa anauza soksi kwa kipaza sauti, sauti ileile iliyorekodiwa, bila kuchoka.

"Niliyaona," alisema.

"Ukasemaje?"

"Nilisema jina lako liwepo. Mlezi. Niliandika kwa mkono wangu, chini ya jina la mama. Baba akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniita. Akasema hilo neno likikaa pale, kila atakayesoma atauliza kwa nini alilelewa na mtu mwingine ilhali baba yake yuko hai. Alilia, Mama. Sijawahi kumwona mtu mzima analia vile. Anaona aibu."

"Ana haki ya kuona aibu."

"Shangazi naye akasema, mlezi mwenyewe si wa dini yetu, watu wa mumeo watafikiri nini. Nikachoka. Zimebaki wiki tatu. Baba ndiye walii. Nikigombana naye sasa, nitamsimamisha nani? Nikasema Mama ataelewa. Mama huwa anaelewa."

Hilo ndilo lililomchosha Mboni kuliko ngazi. Maisha yake yote alikuwa ameelewa. Ameelewa meneja wa kalamu nyekundu, ameelewa mwenye nyumba aliyewapa miezi mitatu wahame.

Seifu alisimama, ana karatasi ya rangi ya maziwa mkononi. "Ninazo hizi za kutosha. Nikianza sasa hivi, kesho kabla ya adhuhuri mia tatu ziko tayari. Mstari mmoja tu naongeza. Gharama juu yangu, iwe zawadi ya harusi. Sema tu, bibi harusi."

Najma alimtazama. Kisha akatazama boksi, na majina mia tatu ya dhahabu yaliyokauka. Akaitazama simu yake, iliyokuwa imelala kimya juu ya meza.

Mboni alingoja kadiri mtu anavyoweza kungoja bila kuonekana anangoja. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu kufunga kamba za viatu, kusoma, kukataa pipi za wasiomjua. Alijua uso huo ukikubali na ukikataa, na hapo haukufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Weka karatasi, Seifu," alisema mwishowe. "Watakuja wengine wa kuzitumia."

"Mama, nitaongea naye. Leo usiku nitaongea naye."

"Usiongee naye. Utamliza tena bure." Akaichukua kadi ya Ndugu Mboni mkononi mwa Najma, akairudisha mezani, uso wake chini. "Nisikilize. Hii kadi siichukui. Mimi hunialiki."

"Hutakuja?"

"Nitakuja. Nitavaa lile gauni la zambarau, nitakuja mapema, na mlangoni wataniomba kadi. Nitasema sina. Unawajua wale walinzi, hawana mchezo. Watauliza, wewe ni nani kwa bibi harusi? Sitawajibu. Nimeshawaandikia watu majina yao miaka thelathini, langu sitalieleza mlangoni. Nitawaambia wakamuulize bibi harusi."

"Mama, nitakuwa nimekaa jukwaani. Nitakuwa na shela, watu wote wananitazama, kamera..."

"Basi utashuka."

"Mbele ya baba?"

"Mbele ya baba, mbele ya shangazi, mbele ya watu wa mumeo. Utakuja mlangoni, utawaambia kwa mdomo wako mimi ni nani, halafu nitaingia nikae pale utakaponiweka. Neno utakalotumia sikupangii. Ukisema jirani, nitaingia kama jirani, nitakula, nitaondoka, na sitakulaumu. Ila uwe umesema wewe. Sitaki kusemewa na orodha."

Najma alikuwa anakunja na kukunjua pindo la mtandio. "Na kama hawatanifikishia ujumbe? Kama watakurudisha?"

"Nitakaa nje. Kuna viti vya madereva."

"Mama."

"Nenda mwanangu, jua linapungua. Shangazi atapiga tena."

Na simu ikalia kweli, lakini Najma hakuipokea. Aliiacha ilie mpaka ikachoka. Akapanga kadi ndani ya boksi moja moja, akihesabu kwa midomo bila sauti, akaiacha ile moja mezani kama ilivyolala. Seifu akataka kumbebea mzigo hadi chini, akakataa. Akamkumbatia Mboni kwa muda mrefu, boksi limebanwa kati yao kwa pembeni, likimchoma Mboni kwenye mbavu.

"Nitashuka," alisema karibu na sikio lake.

Mboni alimpapasa mgongo mara mbili, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto akikohoa, akamwachia.

Najma akatoka. Kwenye mlango aligeuka, akaona Mboni ameshavaa miwani, akaenda. Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, vikatulia kwenye kona, pengine anabadilisha mkono wa kushikia boksi, pengine anafikiri. Vikaendelea.

Mboni alibaki mezani. Goti lilikuwa linapwita, na kivuko jioni hiyo kingejaa. Akavuta daftari la Zakayo, akafungua kichupa cha wino.

"Nifunge mlango, Mama Najma?" Seifu aliuliza. "Kelele za huko chini zinaingia."

"Uache wazi kwanza," alisema, akiwa bado anasikiliza ngazi.